Bastola za bei nafuu hapa Marekani: tuliozimiliki tunasemaje

Bastola yangu ya kwanza niliitoa duka la rehani hapa Houston kwa dola 120, kampuni siitaji, na siku ya kwanza nimeipeleka reinji, uwanja wa kupigia shabaha, risasi ya nne tu ikajamu. Ganda limesimama wima kwenye tundu la slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga, nusu ndani nusu nje, nikalichomoa, nikakoki, nikapiga mbili tatu, ikajamu tena. Boksi moja la risasi 50 nimehangaika nalo mara 6. Sasa hebu fikiria hiyo ndo umeiweka chumbani kwa ajili ya kulinda familia, saa nane usiku mtu anavunja mlango. Ndo mana naandika hivi, manake Wabongo wenzangu wengi hapa Texas wakitaka kununua wanauliza kitu kimoja tu, bei gani, wakati cha kuuliza ni hiyo bastola imeshapiga risasi ngapi bila kugoma.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Hapa Marekani kuna taasisi ya serikali inaitwa CPSC, inasimamia usalama wa bidhaa za nyumbani, wakikuta kitanda cha mtoto kina hatari au jiko linawaka moto hovyo wana nguvu ya kisheria ya kulazimisha zirudishwe. Bunduki na risasi Bunge lao lilishazitoa mikononi mwa hao watu tangu miaka ya 1970. Yaani bastola ikiwa na kasoro kiwandani hamna ofisa wa serikali atakayeiondoa sokoni kama wanavyofanya kwa magari, mpaka kampuni yenyewe iamue au kesi iisukume. Kwa hiyo neno la mtu aliyeimiliki na kuipiga risasi elfu moja, hilo ndo ukaguzi wenyewe ulionao.

Kabla ya kuzipanga, la sheria nilimalize haraka. Dukani unajaza Fomu 4473, unachekiwa rekodi, na bastola dukani lazima uwe na miaka 21. Mwenye grini kadi ananunua kihalali, wale wa bahati nasibu ya viza mko sawa kabisa. Ukiwa na viza ya mwanafunzi au ya utalii kwa kawaida hairuhusiwi, kuna vipengele vichache sana vya kuruhusiwa, usijaribu bila kuongea na mwanasheria. Fomu inauliza pia habari za bangi, na hata kama jimbo lako wameihalalisha, hilo swali linafuata sheria ya shirikisho. Na tafadhali sana ndugu zangu, usimnunulie binamu yako asiyeruhusiwa ukaandika kwamba ni yako. Hilo ni kosa kubwa la jinai la shirikisho, na kwa sisi tusio raia kosa la silaha ni sababu ya kurudishwa nyumbani, miaka yote uliyojenga hapa inaisha kwa fomu moja. Sheria za majimbo nazo zinatofautiana mno, wa California na New York mjiangalie kwenu, mimi naongelea ya Texas.

Haya tuje kwenye bastola zenyewe, naanza na ninayoiamini zaidi kwa hela yake.

Namba moja ni Smith & Wesson SD9. Ya zamani inaitwa SD9VE, ilitoka 2012, na mpya ni SD9 2.0 iliyoingia mwishoni mwa 2023, zote 9mm (hiyo ni kaliba, yaani upana wa risasi), magazini, kile kibeba risasi, inabeba 16, dukani inacheza kwenye dola 300 hadi 350. Mimi ninayo ile VE tangu 2019 na nimeshaipiga kama risasi 1,800, imegoma mara mbili tu na zote mbili nilikuwa nimeweka risasi za bei ya kutupa zenye ganda la chuma. Kinacholalamikiwa na kila mtu kwenye VE ni triga (kifyatulio), ni nzito na ndefu, unavuta unavuta mpaka unaanza kuhisi mtutu unayumba, na mtu mgeni risasi zake zote zinaenda chini kushoto. Kwenye 2.0 triga wameibadilisha, ukiishika utaona tofauti. Lakini kwa kukaa nyumbani, ukiniuliza mimi, uzito wa triga ni kitu unachozoea kwa mazoezi, kujamu huzoei.

Namba mbili Ruger Security-9, risasi 15, ilitoka mwishoni mwa 2017, bei iko palepale pa SD9 au imezidi kidogo. Triga yake laini zaidi na mkononi imekaa vizuri, na Ruger wana sifa ya kutengeneza bastola yao ikikusumbua bila maneno mengi. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu sijaimiliki, nimepiga za watu kama tatu hivi zote zikaenda bila shida.

Hapo hapo nimuongelee dada mmoja wa Tanga tunafanya naye shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Anakaa peke yake na binti yake, kaniomba nimsindikize dukani. Muuzaji kampa bastola nzuri tu, ameshika, anavuta slaidi, haiendi. Anabana meno, vidole viwili vinateleza kwenye chuma, haiendi, akaona aibu akairudisha mezani akaniambia kaka mi hizi mambo siziwezi, mikono yangu imechoka na kunyanyua wazee. Nikamwambia hapana dada, kwanza unaishika vibaya. Slaidi haivutwi kwa ncha za vidole, unaikamata kwa kiganja chote kwa juu, inakaa karibu na kifua, mtutu umeelekea pasipo na mtu, kidole hakipo kwenye triga, halafu mkono uliokamata mpini ndo unasukuma mbele. Ikaenda nusu. Tukajaribu Ruger Security-380, hiyo imetoka 2023 na imetengenezwa makusudi slaidi iwe nyepesi, risasi 15, akaivuta mara ya kwanza tu ikafika mwisho. Uso wake ulivyobadilika pale nilifurahi kweli. Kwa hiyo kina mama, wazee, na yeyote mwenye mikono inayouma, hiyo ndo namba moja yenu, sio ya kwangu. Risasi za .380 zinauzwa ghali kidogo kuliko 9mm, hilo lijue mapema.

Namba tatu ni Glock 22 iliyotumika polisi. Hii wengi wanaipita bila kuiona. Idara nyingi za polisi hapa zilikuwa zinatumia kaliba ya .40, halafu FBI walivyorudi 9mm katikati ya miaka ya 2010 idara nyingi zikafuata, zile za .40 zikamwagika madukani kwa dola 300 na kidogo. Glock mpya ni dola 500 na zaidi, kwa hiyo hapo umepata chuma cha uhakika kwa bei ya chini. Zimechubuka kwa nje sababu ya kuingia na kutoka kwenye holsta, mfuko wa kiunoni, miaka na miaka, ndani mara nyingi ziko vizuri manake polisi wengi wanaibeba kuliko wanavyoipiga. Mbona isiwe ya kwanza basi? Kwa sababu .40 inakurusha mkono kuliko 9mm, na risasi zake ghali, mwanafunzi atachoka mapema na mazoezi ataacha. Kama umeshajua kupiga, ichukue hata leo.

Ya nne Taurus G3C, na ile iliyoitangulia, G2C. Mbrazili huyu, bei dola 220 mpaka 280, risasi 12, ndogo ya kubeba. Hapa lazima nieleze vizuri. Taurus walishtakiwa kwamba baadhi ya bastola zao za zamani zikianguka zinaweza kujifyatua, mwaka 2015 wakakubali suluhu ya kesi iliyogusa bastola karibu milioni moja za modeli 9, zikiwemo PT-111 Millennium na 24/7. Sasa hizo za zamani bado zipo maduka ya rehani, na jina linafanana na G2 iliyokuja baadaye ambayo haikuwemo kwenye kesi. Ukiona PT-111 Millennium isiyo na G2, iache. Za sasa, G3C, wamiliki wengi ninaowajua wamepiga mia tano mia saba bila tatizo, na ina kitu kizuri kwamba risasi ikigongwa ikakataa kulipuka unaweza kuvuta triga tena bila kukoki. Wengine hapa wataniambia iwe ya pili, sawa, kwa hela yake inastahili, mimi bado nataka niione ikipiga risasi 300 mbele ya macho yangu ndo niiamini.

Ya tano Hi-Point C9. Watu wanaicheka sana na mimi sipendi hilo, kwa sababu kuna mtu anaishi mtaa mbaya na hela aliyonayo ni dola 180 basi. Inatengenezwa Ohio, slaidi yake ni ya mchanganyiko wa zinki badala ya chuma cha pua, na ndo mana ni kubwa na nzito kiasi kile, karibu gramu 820 bila risasi. Uzito huo ndo mashine yenyewe: bastola nyingi za 9mm mtutu na slaidi zinafungana kwa sekunde kidogo mpaka presha ishuke, hii haifungani, ni uzito wa slaidi na springi tu vinavyoizuia isifunguke mapema. Kwa hiyo ni mbaya kubeba kiunoni, lakini ikiwa nyumbani kwenye sefu uzito haukuhusu. Magazini ni risasi 8. Ikijamu mara nyingi ni midomo ya magazini imekaa vibaya, sio bastola. Kuifungua kusafisha ni kazi, unahitaji nyundo na kitu cha kusukumia pini. Ila waranti yao ni ya maisha na inafuata bastola, hata kama wewe ni mmiliki wa nne unaituma kiwandani wanaitengeneza na inarudi mpaka mlangoni kwako bila kupitia dukani.

Ruger LCP na zile ndogo za mfukoni nimeziweka mwisho, sio kwamba ni mbovu. Gramu 270 hivi, unasahau kama umeibeba. Lakini ndogo kiasi hicho inakung'ata kiganja, risasi ya ishirini tu hutaki tena, na bastola usiyotaka kuifanyia mazoezi haina maana kuwa ya kwanza. Ukinunua LCP iliyotumika, angalia namba yake ya kiwandani ikianza na 370, hizo za mwanzo kabisa za 2008 kampuni ilizirudisha zibadilishiwe nyundo ya ndani inayogonga risasi, kwa sababu zikianguka zinaweza kufyatuka, uliza kama ilishapelekwa.

Za kuacha kabisa ni zile ndogo za zinki za zamani, Raven, Lorcin, Jennings, Bryco, zilizotengenezwa Kusini mwa California. Utazikuta kwa dola 80, 100. Bryco 38 hauwezi kutoa risasi iliyoko chemba, yaani iliyo tayari kupigwa, mpaka uiondoe kwanza kwenye sefti, yaani unafungua usalama ndo uanze kuipakua. Mwaka 1994 huko California mtu alikuwa anajaribu kuipakua hivyohivyo ikafyatuka ikampiga mtoto wa miaka 7, akapooza. 2003 baraza la wazee wa mahakama likaona kampuni inawajibika kulipa mamilioni, ikafilisika. Nilivyosoma ile kesi niliangalia watoto wangu nikaenda kuiuza ile ya dola 120 siku ileile, fundi wa silaha aliinunua kama spea.

Hela sasa. Usije na dola 320 ukadhani umemaliza. Weka kodi, Houston ni asilimia 8.25. Weka risasi 250 za mazoezi, kama dola 75. Maboksi mawili ya zile za kujilinda zenye tundu mbele, dola 45. Miwani na vizibo vya masikio 30, reinji 20, sefu ndogo ya kitanda 50. Unafika kama 570. Kufuli la kebo au kifaa kingine cha usalama lazima wakupe dukani kwa sheria, lakini kwa mwenye watoto halitoshi, na Texas mtoto chini ya miaka 17 akiifikia silaha kwa uzembe wako ni kosa lako wewe. Ukiona 570 haiwezekani, shuka bastola usishushe sefu na risasi. Bora Hi-Point iliyopigwa risasi 250 na ikalala kwenye sefu kuliko Glock ambayo hujawahi kuifyatua.

Na hizo 250 usizimalize ovyo. Tia alama magazini zako mbili kwa kalamu ya maka, A na B. Ikijamu andika ni ipi na ni risasi ya ngapi. Ikiwa ni A kila mara basi umepata mchawi, magazini mpya ni dola 30. Ikijamu zote, mpe mtu mwenye uzoefu apige, kiwiko na mkono ukilegea bastola nyepesi haitoi ganda na kuingiza risasi nyingine vizuri hata kama ni nzima. Akipiga yeye na bado inajamu, hiyo ni ya kurudi kiwandani.

Yule dada wa Tanga juzi kamaliza risasi ya 200. Imegoma mara moja, magazini B, risasi ya 12. Kaiandika mwenyewe kwenye daftari la binti yake, na tarehe kaweka.