Darasa la kufuma pale sokoni Njombe: nenda, ila uzi wa kijivu nunua wote siku moja

Naandika kwa mama au baba anayeishi huku Nyanda za Juu Kusini, hajawahi kushika sindano za kufumia, na anaiona Juni inakuja. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mimi ni mtu wa Tanga, kwetu ukimwona mtu kavaa sweta unamuuliza kama amekwenda kupima malaria. Nilipomfuata mume wangu kikazi huku, jirani yangu alinielekeza kwa mama mmoja mwenye kibanda cha nyuzi karibu na soko kuu, anayeuza na kufundisha hapo hapo. Jina lake na namba ya simu siweki kwa kuwa hajaniruhusu. Ukifika sokoni ulizia mama wa nyuzi, watoto watakupeleka.

Ada ya kozi ya mwanzo ni shilingi 20,000, na hulipii siku. Unalipia vazi moja, kizibao cha mtoto kisicho na mikono, na unakuja mpaka umelimaliza. Nguo za mikono ni kozi nyingine.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hana tamaa ya kuuza. Nilikuwa nimeshachagua madonge sita ya uzi mwembamba mweusi na sindano za chuma zinazong'aa. Akavirudisha vyote rafuni. "Mwanangu, hizo zitakutoa machozi." Akanipa jozi moja ya sindano za mwanzi, namba 5, yaani unene wa milimita 5, na donge moja la uzi mnene rangi ya maziwa. Mwanzi una ukinzani kidogo, kwa hiyo kitanzi hakichomoki ovyo mkono ukitetemeka, na kwenye uzi wa rangi nyeupe unakiona kila kitanzi kimekaaje. Mweusi, anasema, hata yeye usiku haufumi. Alikuwepo binti mwenzetu aliyekuja na spoku za baiskeli alizochonga ncha kwenye jiwe. Hakufukuzwa wala kulazimishwa kununua. Aliambiwa azitunze kwa soksi, maana kwa uzi mnene ni nyembamba mno.

Sisi wa pwani wengi tumekua na ndoano ya kurosheti, tunafuma vitambaa vya makochi. Msinidanganye kwamba ni kazi ile ile. Kwenye kurosheti una kitanzi kimoja tu cha kukilinda; hapa vyote hamsini na kitu viko wazi kwenye sindano, na mtoto akivuta sindano moja tu, umekwisha. Mama anaanza na kitanzi cha kawaida, uzi ukiwa nyuma, mstari baada ya mstari, mpaka mikono ilegee. Kitambaa kinachotoka ni kinene, kina matuta pande zote mbili na hakijikunji pembeni. Kitanzi cha kugeuza, uzi ukiwa mbele, kinakuja mwishoni kabisa kwa ajili ya pindo: viwili vya kawaida, viwili vya kugeuza, na nguo inakuwa na mvuto wa kubana kiunoni.

Sasa nifike penye utamu, ambapo ada yote inarudi. Kabla ya vazi unafuma kipande cha majaribio, na anakipima kwa rula mbele yako. Kila mtu anakichukia kipande hicho. Changu kilitoa vitanzi 16 kwa sentimita 10. Cha jirani yangu, kwa uzi na sindano zile zile, kilitoa 19, kwa sababu yeye anakaza. Kifua cha mwanangu ni sentimita 60. Ukiongeza 6 za kupumulia inakuwa 66, nusu yake kwa mbele ni 33, mara vitanzi 1.6 vya kila sentimita unapata 52.8. Mama akapandisha mpaka 54 ili pindo lile la viwili-viwili lianze na kuishia sawa pande zote. Aliyekaza kwa hesabu hiyo hiyo angehitaji zaidi ya 60. Angenakili vitanzi vyangu, mtoto wake asingeingia. Hesabu hii inakaa kwenye kipande cha daftari na nimekwisha kuitumia kwa binti yangu mkubwa bila kumuuliza mtu.

Kizibao chenyewe ni mistatili miwili. Unaishona mabegani sentimita 6 kila upande, unaacha 21 katikati za kupitisha kichwa, unashona mbavuni na kuacha 17 za kwapa. Hakuna kupunguza, hakuna kuongeza. Lakini anakuanzishia juu, mabegani, unashuka na kumalizia na pindo. Nilidhani ni mazoea yake tu. Kumbe upande wa kufungia ndio unaofumuka kirahisi. Wa kuanzia ni mkaidi. Mtoto akirefuka, unafungua ushonaji wa mbavuni vidole vichache, unafumua pindo, unarudisha vitanzi kwenye sindano na kuongeza urefu. Fundi wa sweta za mashine hakufanyii hivyo, na za mitumbani nyingi zimekatwa na kushonwa overloki, ukizifumua zinatoka nyuzi fupifupi.

Nimeitaja mitumba, niseme ukweli. Kama shida yako ni mtoto asitetemeke kesho asubuhi, nenda mitumbani. Kizibao changu kimekula madonge matatu ya gramu 100, shilingi 4,000 kila moja, bila kuhesabu jioni zangu. Kwa bei hiyo mitumbani unapata sweta na chenji.

Kasoro zipo. Benchi halina egemeo, na saa za jioni wateja wakijaa mama anakuacha na fundo lako mkononi anakwenda kupima uzi. Nenda asubuhi. Kubwa zaidi ni kwamba anauza nusu donge kwa mizani, bila ile karatasi ya kiwandani. Karatasi ile ina namba ya mchovyo wa rangi. Madonge ya rangi moja yaliyochovywa siku tofauti mara nyingi hayalingani. Kijivu cha kizibao cha mume wangu kilikwisha dukani, mzigo mpya ulipofika nikapimiwa nusu, na sasa tumboni kuna mstari unaoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye anasema ni mtindo. Mimi nasema mama alipaswa kunionya, naye alipoulizwa alicheka tu. Nunua vyote siku moja, vyenye karatasi, namba zikifanana. Madonge yasiyofunguliwa anayapokea yakirudishwa.

La pili, nyuzi zake karibu zote ni akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani. Kwa kufua ni raha, unatumbukiza kwenye beseni na sabuni yoyote, wakati sufu halisi ukiipiga maji ya moto na kuisugua inasinyaa na kukaza kama kofia ya mkeka. Lakini huku kwetu watoto wanaota moto jikoni, na akriliki ikipata cheche inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Mama mwenyewe alituonyesha: aliwasha kiberiti kwenye kipande, kikabaki kidonge kigumu cheusi. Sufu ikachomeka taratibu, ikanuka nywele, jivu likasagika vidoleni. Sasa kama anajua hivyo, mbona haleti sufu? Anasema haiuziki, ni ghali. Sawa, lakini angalau dazeni moja kwa wenye watoto wadogo! Mimi kwa kitinda mimba wangu nimetafuta sweta la mitumba la sufu lisilo na overloki, nimelifumua, nimeulowesha uzi na kuukausha ukining'inia na uzito chini ili mikunjo itoke, ndio nikafuma. Hilo pia nimefundishwa pale kibandani, bure, ingawa ni biashara anayoikosa.

Kozi ya mikono inaanza wakipatikana watu wanne. Tuko watatu. Jumapili hafungui, na ukifika msalimie kwanza kwa salamu ya huku, kamwene, kabla hujauliza bei ya chochote.