Kwa baiskeli katika msitu wa Magamba: tathmini ya ziara ya Lushoto hadi Mtae

Mtu anayetaka kulipia ziara ya baiskeli katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, kwenye Milima ya Usambara Magharibi, ataonyeshwa kwanza picha za ukingo wa mlima ulio kijijini Mtae na orodha ya bei. Kwa maoni yangu, maswali yanayostahili kutangulia ni mengine: ni nani atakayemwongoza, na breki za baiskeli atakayokabidhiwa zina hali gani. Ziara ninayoitathmini hapa huanzia mjini Lushoto, hupita ndani ya msitu na kumalizikia Mtae, kwa kulala usiku mmoja njiani. Mwongozaji niliyepewa alikuwa bora sana na baiskeli ilikuwa duni, na kama si huyo mwongozaji nisingeipendekeza ziara hii kwa mtu yeyote.

Magamba ni msitu wa asili wenye zaidi ya hekta 9,000, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki inayoanzia Taita nchini Kenya na kuteremka hadi Udzungwa. Lushoto yenyewe iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, ilhali kilele cha Magamba kinapita mita 2,200, kwa hiyo mwendeshaji hupanda mlima tangu anapotoka mjini. Sehemu hiyo ya kwanza ni barabara ya magari, na haina mengi ya kusimulia isipokuwa kwamba gia nyepesi ni za lazima. Anayekuja na baiskeli yake isiyo na gia ataisukuma sehemu kubwa ya njia.

Ndani ya hifadhi mambo hubadilika. Njia pana zilizowahi kupitisha magogo kwenda viwanda vya mbao zimebaki, lakini mvua zimezichimba makorongo, na pale zinapogeuka kuwa vijia mizizi hukatiza kila baada ya hatua chache, ikiwa imelowa na kuteleza hata mchana wa jua kwa sababu ukungu hauondoki mapema chini ya miti. Udongo ni mwekundu na unanata. Hujaa kati ya tairi na uma wa mbele mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na hapo inabidi kushuka na kuukwangua kwa kijiti. Mimi nauhesabu ugumu huu kuwa sehemu ya thamani ya ziara, kwa kuwa unamlazimisha mtu kwenda polepole mahali ambapo mwendo wa kasi ungemnyima karibu kila kitu. Mbega walikuwa juu yetu kwa muda mrefu, mikia yao myeupe ikining'inia, na tuliweza kuwatazama kwa sababu tulikuwa tumesimama kuondoa tope. Katika kituo kingine kama hicho mwongozaji alinionyesha, kwenye kitawi kilichokuwa usawa wa kifua changu, kinyonga mwenye pembe mbili puani, rangi yake ikiwa haitofautiani na ya kuvumwani iliyokizunguka kitawi. Nisingemwona hata kama ningepewa saa nzima ya kumtafuta.

Sasa nizungumzie baiskeli. Niliyopewa ilikuwa ya mlimani, yenye shokapu mbele na breki za raba zinazobana rimu. Fremu ilikuwa kubwa kwa mtu wa kimo changu, siti haikushuka vya kutosha, na raba za breki ya nyuma zilikuwa zimelika hadi karibu na chuma. Ofisini hakuna aliyeligusa suala hilo. Ni mwongozaji aliyesimama kabla ya mteremko mrefu wa kwanza na kusema, "Kaka, hapa hatushuki mpaka nizione breki." Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono huku akisikiliza, akabana breki taratibu, kisha akafungua mkoba wake na kutoa raba mpya alizonunua, kama nilivyoambiwa baadaye, kwa fedha yake mwenyewe. Aliponifungia raba hizo alinieleza namna ya kushuka: kukamata na kuachia, kukamata na kuachia, badala ya kubana mfululizo, kwa sababu rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka, na mwili urudi nyuma ya siti pale mteremko unapokuwa mkali. Chini ya mteremko niliigusa rimu kwa ncha ya kidole nikaiondoa mara moja kwa joto.

Ofisi inayopokea malipo ya mgeni ndiyo inayopaswa kununua raba za breki, na haifai mzigo huo umwangukie kijana anayelipwa kwa siku. Ninalisema kwa uzito kwa sababu vijana hawa ndio ziara yenyewe. Wanazifahamu njia zinazopitika baada ya mvua, wanaujua mkulo na miti mingine kwa majina ya Kisambaa, na wanajua kuishi na watu wa njia ile. Tulipotoka msituni na kuingia kwenye vijia vya mashambani kuelekea Lukozi, kati ya kabichi, karoti na viazi, mwongozaji wangu alishuka kwenye baiskeli kila alipokutana na mtu mzima aliyebeba mzigo, akasogea pembeni na kutoa salamu kabla ya kupita. Bibi mmoja mwenye furushi la majani ya ng'ombe aliitikia shikamoo yake, akauliza habari za mama yake, kisha akanigeukia na kunipa pole ya mlima. Mgeni anayepita peke yake kwa kasi kwenye kijia hicho huwa kero kwa wenyeji, na wala hajui.

Kuhusu gharama, muulizeni mwenye ziara kwa maneno ya wazi kama bei inajumuisha kiingilio cha hifadhi, kwa kuwa ada hiyo hulipwa serikalini kwa namba ya malipo na mgeni ana haki ya kupewa risiti yake. Bei yangu haikuijumuisha, na niliarifiwa asubuhi ya safari. Chakula kilitosha. Kofia ngumu zilikuwepo, ingawa za kipimo kimoja. Breki za disiki hukamata vizuri zaidi kwenye tope, lakini raba za kawaida ni rahisi zaidi kupatikana kwa mafundi wa vijijini, na kwa sababu hiyo ningezichagua tena, mradi ziwe nzima na akiba iwe mkobani.

Msimu unaofaa ni kuanzia Juni hadi Septemba, ingawa Juni na Julai baridi ni kali na sweta inahitajika usiku. Masika, kati ya Machi na Mei, sishauri. Kwa malazi, mwombeni mwongozaji awapeleke Rangwi, ambako masista hupokea wageni. Ni mahali safi na patulivu. Kutoka hapo hadi Mtae barabara hupanda na kushuka kwenye mgongo wa milima, na kijiji kimekaa ukingoni kabisa, tambarare za Mkomazi zikiwa chini yake. Kurudi Lushoto kwa basi kunawezekana, lakini mabasi huondoka Mtae kabla ya mapambazuko, hivyo panganeni na kondakta tangu jioni kuhusu nauli ya baiskeli, na hakikisheni imefungwa kamba juu ya keria huku ninyi wenyewe mkiangalia.