Kozi ya mtandaoni ya mgomo wa kodi: nimeimaliza yote, maoni yangu haya hapa

Jamani nimemaliza ile kozi ya wiki sita kuhusu kugoma kulipa kodi kama njia ya kuipinga serikali inayoonea watu. Wanaoiendesha ni wakili mmoja na mhasibu mmoja, majina sitayataja maana kuna sehemu nitawalaumu. Nyota nne kati ya tano. Nilijiunga kwa sababu kila mwisho wa mwezi naona hela yangu imeshakatwa alafu nasikia imeenda kununua risasi za kupigia watu waliotoka kudai haki zao, nikawa najiuliza hivi na mimi si nimechangia hapo?

Wiki ya kwanza ndio imenishika kuliko zote. Wakili kaanza na kitu ambacho wengi tunakichanganya, mgomaji sio mkwepa kodi. Mkwepaji anapika mahesabu, anaandika nusu ya mapato na anaomba Mungu asishtukiwe. Mgomaji anajaza fomu zake sawasawa, anaandika kiasi anachodaiwa mpaka senti ya mwisho, alafu anaambatanisha barua kwamba hiki silipi na sababu ni hii. Yaani anajipeleka mwenyewe. Tukapewa zoezi la kuandika hiyo barua, mimi nikamwaga kurasa mbili za malalamiko, ikarudi imekatwa wino mwekundu karibu yote, imebaki jina langu, kiasi na sababu, na chini wameacha nafasi wameandika: serikali ifanye nini ndio ulipe? Hapo nilikuwa sijaandika kitu. Usiku ule nilikaa na ile karatasi muda mrefu sana, hasira ninayo tele ila dai sina.

Historia iko wiki ya pili na ya tatu, msiiruke. Somo la Bardoli kule Gujarat, India, nimelisikiliza mara tatu. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ya Bombay ilipandisha kodi ya ardhi kwa asilimia 22, wakulima wakiongozwa na Vallabhbhai Patel wakala kiapo kwamba hatulipi. Wakamataji wakaanza kuja kubeba nyati wao, basi watu wakawa wanajifungia ndani na mifugo yao, ngoma ikilia kila mtu anajua wanakuja na milango inafungwa kijiji kizima, miezi na miezi. Hebu fikiria hilo joto, harufu, watoto na nyati chumba kimoja gizani, na bado hawajalipa. Wengine walinyang'anywa mpaka mashamba. Mwisho ukafanyika uchunguzi, lile ongezeko likashushwa mpaka kwenye asilimia 6 hivi na mashamba yakarudishwa. Kilichonifurahisha mwalimu alituonyesha kwamba dai lao lilikuwa moja na linashikika, yachunguzeni upya haya makadirio yenu au tuendelee na kodi ya zamani, basi. Nikakumbuka barua yangu.

Na wale wanawake wa Uingereza waliokuwa wanadai kura! Dora Montefiore mwaka 1906 aliwafungia madalali nje ya nyumba yake Hammersmith, London, wiki sita. 1909 wenzake wakaanzisha umoja wao wa kugomea kodi, msimamo wao bila kura hakuna kodi. 1911 Sophia Duleep Singh akakamatiwa pete yake ya almasi ikapigwa mnada, mwenzake akainunua pale pale akamrudishia. Minada yenyewe wakaigeuza mikutano ya kudai kura, dalali anauza wao wanahutubia. Hii sikuwahi kuifundishwa popote.

Thoreau, yule mwandishi wa Marekani, wamempitia haraka na sioni tatizo, alilala jela usiku mmoja mwaka 1846 akipinga utumwa na vita vya Marekani na Mexico, kesho yake mtu akamlipia akatoka. Kodi ya kichwa ya Uingereza ya 1990 ilistahili muda zaidi, mamilioni hawakulipa, na 1993 ikawa imeshaondolewa na kuwekwa nyingine.

Sasa lawama. Ya kwanza ni kubwa, sisi wa mshahara tumesahaulika. Kodi yetu inakatwa juu kwa juu kabla hela haijafika mkononi, sasa nagomea nini? Wamegusa kidogo tu kwamba kodi iliyo ndani ya bidhaa unaigomea kwa kutoinunua hiyo bidhaa au kuitengeneza mwenyewe, mfano Gandhi alivyotembea mpaka Dandi mwaka 1930 akaokota chumvi ufukweni. Sawa, ila mshahara sio chumvi. Ya pili, Natal ya Afrika Kusini 1906 hawajaitaja kabisa, ile kodi ya kichwa ya pauni moja iliyomfanya Bambatha, chifu wa Kizulu, ainuke, ikaishia kwenye silaha na maelfu ya Wazulu wakauawa. Ukimfundisha mtu kugoma muonyeshe na hii, sio ushindi tu, mimi hapo nimewakasirikia kweli.

Wiki ya nne sauti mbovu, inakatakata. Ya tano ndio ya mhasibu na huyu dada ni hodari sana. Alitupigisha hesabu ya deni la miaka mitatu na riba na faini zake, alafu akasema orodhesheni vitu vyenu vya ndani ambavyo vinaweza kubebwa. Nikaandika tivii, friji, pikipiki, cherehani. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akasoma, akaniuliza taratibu, "Na cherehani yangu umeiandika, mimi umeniuliza saa ngapi?" Nikaifuta, nikazima kompyuta, tukaongea mpaka usiku. Kwa hilo zoezi peke yake kozi imejilipa, ila ningekuwa mimi ningeliweka wiki ya kwanza kabla mtu hajaandika barua yoyote.

Kama umejiajiri na unajaza ritani mwenyewe, ichukue na uichukue na wa nyumbani kwako. Wa mshahara subirini kidogo, nimewaandikia wakasema wanaandaa somo letu. Barua yangu bado iko mezani, sehemu ya dai sasa ina mstari mmoja, na wa pili tunauandika na mke wangu.