Pencheni Jamii ya Zanzibar: huduma inayomlipa mzee kwa kuwa ni mzee

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikimlipa fedha za kila mwezi mkaazi wake aliyetimiza umri wa miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, awe na watoto wenye uwezo au hana hata mmoja. Naitathmini huduma hii kama vile ambavyo mtu angeitathmini huduma ya benki au ya hospitali, yaani kwa kutazama inampa nini anayeitumia, kwa masharti gani na kwa usumbufu wa kiasi gani. Hukumu yangu naitanguliza: kwa namna ilivyobuniwa, sijaona huduma ya wazee iliyo bora kuliko hii katika Afrika Mashariki, ila inachelewa kumfikia mzee, na ikishamfikia bado haimtoshi.

Kabla yake, pencheni ilikuwa ni ya watumishi. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998, unamlipa mafao mtu aliyekatwa mchango kwenye mshahara, na huo ndio utaratibu wa mifuko ya namna hiyo popote pale. Lakini mvuvi wa Nungwi, mchumaji wa karafuu wa Pemba, mwanamke aliyelima mwani Paje au Jambiani na bibi aliyelea watoto na wajukuu maisha yake yote hawakuwahi kuwa na mshahara wa kukatwa, ingawa walifanya kazi tangu utotoni. Pencheni Jamii iliwatazama hao. Shirika la HelpAge International lilisaidia kwa utaalamu, lakini fedha za malipo zinatoka katika bajeti ya Serikali yenyewe, jambo ambalo lilikuwa geni katika ukanda huu, ambako mipango mingi ya kuwagawia wananchi fedha ilianza kwa kutegemea wafadhili na bado inayumba kila wafadhili wanapobadili mawazo.

Masharti yake ni machache. Muombaji awe ametimiza miaka 70, awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na awe ameishi Zanzibar kwa muda usiopungua miaka kumi. Hakuna anayekuja kuhesabu mbuzi wake wala kuchungulia kama paa lake ni la makuti au la bati. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kila mpango unaochagua maskini unalazimika kuwa na mtu wa kuchagua, na panapokuwa na mtu wa kuchagua hapakosekani minong'ono ya kwa nini fulani ameandikwa na fulani ameachwa. Umri nao una matatizo yake, na nitayafikia, lakini angalau hauna upendeleo. Aliyekuwa mkurugenzi na aliyekuwa mchukuzi bandarini wanalipwa kiwango kilekile, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona haya kukaa kwenye kiti cha kusubiri malipo.

Ukitaka kuielewa thamani ya huduma hii, kaa karibu na duka la mtaani siku ambayo wazee wamelipwa. Bibi anafika taratibu, anaamkiwa shikamoo na kila aliyekaa barazani, anafungua pindo la kanga na kutoa noti zilizokunjwa mara nne. Kwanza anaulizia daftari la madeni, mwenye duka analifungua, wanakubaliana juu ya kilo za mchele na robo ya sukari alizokopa, kisha jina lake linapigwa mstari. Baada ya hapo ndipo anaponunua sabuni, mafuta ya taa kama bado anayatumia, na biskuti za mjukuu aliyemsindikiza. Kinachobaki hakitoshi kitu kikubwa, lakini ni chake, na akialikwa harusini wiki hiyo ataweza kumtunza bibi harusi kama wenzake bila ya kumuomba mwanawe. Watu wanaoipima huduma hii kwa kilo za mchele tu wanakosa upande huu: mzee mwenye chochote mkononi husikilizwa nyumbani kuliko mzee asiyekuwa na kitu, hata kama ni uchungu kulikiri.

Sasa tuje kwenye kiwango. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo ukizigawa hazifiki shilingi 700 kwa siku. Yalibaki hapohapo kwa miaka kadhaa huku bei za vyakula zikipanda, maana yake ni kwamba mzee alikuwa akipunguziwa kidogokidogo bila ya mtu yeyote kutangaza kupunguza. Katika uongozi wa Rais Hussein Ali Mwinyi kiwango kilipandishwa hadi shilingi 50,000, na nyongeza hiyo inastahili pongezi kwa sababu si ya kubabaisha, ni mara mbili na nusu ya kiwango cha mwanzo. Hata hivyo ni kama shilingi 1,667 kwa siku, na dawa za shinikizo la damu au kisukari zikikosekana hospitali na kulazimika kununuliwa, noti hizo huisha kabla mwezi haujafika kati. Ningependelea zaidi nyongeza ndogo ya kila mwaka inayofuata mfumuko wa bei kuliko kungoja miaka mingi kisha kupata nyongeza kubwa kwa hisani ya aliyepo madarakani.

Udhaifu ninaouona mzito zaidi ni umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee anapofikia miaka 60, na mtumishi wa umma anastaafu katika umri huohuo, lakini mvuvi anaambiwa asubiri miaka kumi zaidi. Miaka hiyo kumi si sawa kwa watu wote: aliyefanya kazi mezani anaweza kuipita akiwa na nguvu zake, ilhali aliyevuta nyavu tangu kijana huwa mgongo umeshamkatalia. Kwa kulinganisha, Kenya nayo imeweka miaka 70 katika mpango wake wa Inua Jamii na inalipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na Uganda, ambayo ilianza kwa miaka 65 katika wilaya za majaribio, ilipousambaza mpango nchi nzima iliupandisha umri wa kuingia hadi miaka 80. Zanzibar basi haiko nyuma ya jirani zake. Iko nyuma ya mahitaji ya watu wake.

Wapo wanaouliza kwa nini nchi yenye vijana wengi kiasi hiki ishughulike na wazee, kwani Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wametimiza miaka 65, ndiko penye tatizo. Nadhani hoja hiyo imesimama kichwa chini. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kutoka 1,303,569 mwaka 2012, na wengi wa hao ni watoto na vijana, na kwa sababu hiyohiyo gharama ya kuwalipa wazee leo inabebeka: kila wazee 10,000 wanaolipwa shilingi 50,000 kwa mwezi wanahitaji shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Kijana anayeendesha bodaboda Mwanakwerekwe leo hakatwi mchango wa mfuko wowote, na yeye pia atazeeka, tena akiwa na watoto wachache kuliko babu yake, na pengine wawili kati yao wakiwa Muscat au Dubai. Ni rahisi kuujenga utaratibu wakati foleni ni fupi.

Jambo ambalo pencheni hii haifanyi, na haikukusudiwa kulifanya, ni kumhudumia mzee asiyeweza kuinuka kitandani. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba, zinawapokea wachache wasiokuwa na jamaa, lakini wengi wanauguzwa nyumbani na binti au mkwe asiyelipwa na mtu. Huduma ya namna hiyo inahitaji mpango wake wenyewe.

Kwa familia yenye mtu anayekaribia miaka 70, ushauri wangu ni wa vitendo. Wengi wa umri huo hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho mara nyingi ulikadiriwa tu kwa kuulizwa alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Mapinduzi ya 1964. Utazameni mwaka huo mapema, na kama umekosewa fuatilieni marekebisho kabla ya kwenda kuomba, kisha mtambulisheni mzee kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika mtaa au kijiji chenu. Kama hawezi kutembea, ulizieni taratibu za kuteua mwakilishi wa kumpokelea, na awe mtu ambaye mzee mwenyewe amemchagua.