TAHADHARI: Anayeuza "AI zote, lipa mara moja" Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Mtwara, Masasi na mlioko Lindi, kuna mtu anapita kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye stesheneri za mjini akiuza programu ya kompyuta anayoiita "AI zote". Anasema ukilipa shilingi 60,000 mara moja tu, unapata ChatGPT, Claude, Gemini na nyingine sehemu moja, maisha yako yote. Wanaonunua ni walimu, wanachuo, wenye stesheneri, na makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanaotafuta wepesi wa kuandika mihtasari na ripoti. Msimu wa korosho ukifunguliwa, pesa ikaanza kuonekana mkononi, ndipo anapokazana. Msilipe.

Mimi ni fundi kompyuta hapa mjini, na mashine za wateja wake zinaishia mezani kwangu.

Programu yenyewe si yake. Amechukua mojawapo ya zile zinazopatikana bure, akabadilisha jina na nembo. Programu za namna hii hazina akili yoyote ndani yake. Ukiandika swali, linapelekwa kwenye seva za OpenAI, Anthropic au Google, yaani wenye ChatGPT, Claude na Gemini, na kule unatambulika kwa ufunguo wa API, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba anaopewa mwenye akaunti. Maneno yako na majibu yanahesabiwa kwa tokeni, yaani vipande vidogo vya maneno, kama uniti za LUKU, na anayekatwa ni mwenye ufunguo. Hakuna mtu atakayekulipia maswali yako maisha yote kwa 60,000. Kwa hiyo ufunguo anaokuwekea ama ni wa wizi, ama ni wa majaribio wenye kikomo, na siku ukifutwa au ukiisha kazi imekwisha. Wateja wote wananisimulia jambo lile lile: mwanzoni ilikwenda vizuri, baadaye ikaanza kutoa maandishi mekundu. Ukimpigia anadai pesa nyingine ya "kuongeza seva". Ukigoma, anakublokia.

Hiyo ni hasara ya pesa. Lililonishtua zaidi nililikuta kwenye mipangilio. Mahali pa anwani ya seva hapakuwa na anwani ya kampuni yoyote kati ya hizo. Palikuwa na namba tupu za seva isiyojulikana ni ya nani. Maana yake kila ulichoandika kinapita kwanza kwa mtu huyo, na anaweza kukisoma na kukihifadhi. Mwalimu mmoja alikuwa amebandika humo majina na alama za darasa zima. Karani mmoja alibandika orodha ya wakulima pamoja na namba zao za akaunti za benki. Na hata majina ya modeli, yaani AI yenyewe inayojibu, mnayoyaona pale juu si ushahidi wa kitu, kwa sababu mwenye seva anaweza kuandika jina la modeli ya gharama huku anayekujibu ni ya bei chee. Kuiuliza "wewe ni nani" hakusaidii, nayo inajibu kama ilivyoelekezwa.

Halafu kuna namna anavyoiweka. Anamtaka mteja azime kinga ya Windows, eti "inasumbua AI". Nilipofungua Windows Security kwenye orodha ya vitu vilivyosamehewa kukaguliwa, nikakuta C:\ nzima imesamehewa. AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, nayo imeachwa inajiwasha yenyewe, na pasiwedi anaijua yeye. Mtu wa namna hiyo anaingia kwenye mashine yako usiku ukiwa umelala, na pasiwedi zote ulizohifadhi kwenye Chrome ziko wazi mbele yake. Mchezo huu si wa Mtwara peke yake. Mei 2023 Meta, wenye Facebook na WhatsApp, ilieleza kwamba ilizuia viungo zaidi ya 1,000 vya programu hasidi zilizojifanya ni ChatGPT na zana zinazofanana nayo.

Anayehitaji programu ya kweli asimlipe mtu kumwekea. Jan na Cherry Studio unazipakua bure kwenye tovuti za wenyewe, na msimbo wake uko wazi kwenye GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wa programu. Unaweka ufunguo wako mwenyewe, ulioutoa kwenye akaunti yako mwenyewe. Google AI Studio inatoa ufunguo wa bure wenye kikomo, na kwa kazi za ofisi ndogo unatosha kuanzia. OpenRouter inakupa ufunguo mmoja wa modeli nyingi, unaweka salio na unakatwa kwa matumizi. Kuna programu halali zinazouzwa kwa malipo ya mara moja, lakini hapo umenunua programu tu, matumizi ya modeli unalipia mbali. ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi. Ukiona yeyote anaitangaza kwa "maisha", kimbia. Wapo pia watakaokushauri Ollama au LM Studio, ambazo modeli inakaa kwenye mashine yako na bando halihitajiki tena ukishapakua. Ni nzuri, ila kwa modeli ndogo za kawaida uwe na RAM ya GB 8 kwenda juu. Laptopu nyingi ninazozipokea zina GB 4, zitakwama.

Kama umeshaiweka, kata intaneti sasa hivi. Chukua simu, badilisha pasiwedi ya barua pepe kwanza, kisha za benki na mitandao, na utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako. Kama uliweka ufunguo wako, ufute ulikoutoa. AnyDesk iondoe, kinga irudishe. Ila kama mashine ina kazi za watu wengine, usiridhike na kufuta programu: hifadhi mafaili yako, Windows ipigwe upya. Na karani uliyebandika akaunti za wakulima, waambie viongozi wa AMCOS leo, wakulima wajue mapema kabla hawajapigiwa simu na matapeli.

Namba ya muuzaji huyo itumeni kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Ujumbe wa muamala msiufute hata kama pesa ni ndogo. Wenye nao tuwasiliane inbox, tunataka kwenda polisi kwa pamoja, kwa sababu juzi tangazo lake limeshaonekana kwenye grupu la walimu wa Nachingwea.