Bato ya Goma–Bukavu: namna ya kujua kama imejaa kabla ya kushuka bandarini

Ukiuliza gishe (dirisha la tiketi) ya bato za Ziwa Kivu hapa Goma kama nafasi iko, utaambiwa iko. Jibu hilo halikusaidii kitu. Muuza biye (tiketi) anaangalia daftari lililo mbele yake, wakati mawakala wengine mjini wanauza safari ile ile, na kuna majina yaliyoshikwa kwa simu bila hata faranga moja. Kwa huduma ya kuuza biye naipa alama nne kati ya tano, maana ni ya haraka na bei haifichwi. Kwa ukweli wa hesabu ya nafasi, mbili.

Njia ninayoitegemea kwa kano rapide (bato ndogo ya kasi), ile inayovuka kwa muda wa saa tatu hivi, ni kuomba viti sita pamoja. Viti vyake vina namba. Muuzaji akikupa safu nzima bila kusita, bado kuna uwazi mkubwa. Akianza kukutawanya, wawili mbele, mmoja karibu na injini, jua yamebaki masalio. Baada ya hapo chukua kiti kimoja unachohitaji. Kuna wanaoona huo ni ujanja, lakini hujamnyima mtu kiti, umeuliza tu.

Ukishalipa, uliza swali la pili: "Niko namba ngapi kwenye manifesti?", yaani orodha ya abiria. Namba ya kiti si namba ya manifesti, mwenye kiti cha 12 anaweza kuwa mtu wa mwisho kuandikwa. Linganisha namba hiyo na idadi ya abiria ambayo bato imeruhusiwa kubeba, iliyo kwenye karatasi zake. Msimamizi asiyetaka kuitaja idadi hiyo amekwisha kukujibu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi, vinginevyo asubuhi utabishana na karani huku wengine wanapanda. Watoto wa kupakatwa hawalipi kiti, ila nao waandikwe, na uulize kama jile (jaketi okozi) za ukubwa wao zipo. Jile ya mtu mzima humchomoka mtoto majini.

Bato kubwa zina hesabu nyingine kabisa. Kabini na daraja la kwanza huisha mapema, na watu wakisikia hivyo wanadhani bato yote imejaa. Sivyo. Daraja la chini, lisilo na namba za viti, hujaa saa ya mwisho, pamoja na mizigo, na mizigo ndiyo ya kutazamwa. Fika mapema, usimame gatini kabla ya kupanda, uangalie ubavu wa bato ulivyozama na kama imelalia upande mmoja. Magunia yakiwa chini tumboni, uzito uko mahali pake. Yakipangwa juu ya sitaha, au kreti za bia zikifika hadi kwenye dari, uzito umepanda juu, na wimbi dogo la ubavuni linatosha kuiyumbisha. Manifesti ya abiria haikuonyeshi hata gunia moja.

Kingine kinachoharibu hesabu ni vituo vya njiani. Bato inayopitia Idjwi inaweza kuondoka Goma na nafasi nyingi, kisha ikapakia kisiwani kuliko ilivyopakia hapa. Ukitaka uhakika, chagua inayokwenda moja kwa moja.

Siku ngumu zinajulikana: Ijumaa, wiki ya Noeli na Bonane (Mwaka Mpya), siku za kuzunguka Juni 30, sikukuu ya uhuru wa Kongo, na mwanzo wa Septemba shule zinapofunguliwa. Lakini barabara ikifungwa, kila siku inakuwa Ijumaa. Oktoba 3, 2024, bato iliyotoka Minova, Kivu Kusini, ilizama ikikaribia Kituku, bandari ya hapa Goma. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja watu 278 ndani yake. Vita vilikuwa vimekata njia ya Goma, na wafanyabiashara wakahamia majini. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu gishe, ulizia kwanza hali ya barabara.

Nafasi ya simu isiyolipiwa haina nguvu. Mwenye pesa mkononi ataichukua. Lipa sehemu, dai karatasi yenye tarehe na jina la bato, kisha piga tena jioni ya kuamkia safari. Jioni ndipo walioshika bila kulipa wanafutwa na viti kurudi sokoni, na hata safari iliyoitwa "imejaa" mchana hupata nafasi.

Ukifika ukaambiwa ukae kwenye kiti cha plastiki katikati ya njia, usipande. Rudi gishe kabla bato haijang'oa nanga, uombe biye ihamishiwe safari inayofuata. Ikishaondoka, wenye bato wengi wanahesabu kwamba umechelewa, na pesa yako imekwenda nayo.