Mgeni kwenye kikao cha Zoom: ajitambulishe kwa wote au aingie chumba kidogo?

Wataalamu wa kilimo wa Mbeya, Iringa na Njombe wanapokutana mtandaoni, wengi humkaribisha mgeni kwa utambulisho wa wote. Ni rahisi, ila watu 20 kwa dakika moja moja wanamaliza nusu ya dakika 40 za Zoom ya bure, na mgeni wa Makete anaishia kutaja jina na kuzima maiki.

Vyumba vidogo (breakout rooms), yaani kikao kugawanywa kwa muda katika makundi ya watu watatu, mmoja akiwa mwenyeji aliyekizoea kikundi, vinanivutia zaidi. Hapo salamu zinapata nafasi: habari za huko, mvua, viazi vimefikia wapi. Mgeni anauliza kuhusu ukungu wa viazi bila kuwaogopa wakubwa. Kesho yake mwenyeji amtafute WhatsApp, maana urafiki unaanzia hapo hasa. Utambulisho wa wote uachiwe vikao vya watu wachache.